Babu nimempata Ireland, bibi wa Muheza hayumo kitabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu, naomba radhi, lakini jambo hili nimekaa nalo miaka mitatu na sina mahali pengine pa kulipeleka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 71, mzaliwa wa Muheza, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini. Nimestaafu ukarani wa masjala. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuyapa namba na kuyapanga, na umeme ukikatika niliweza kwenda kabatini na kulitoa jalada la mtu kwa kupapasa. Karatasi moja ikipotea najua imepotea na nini.

Marehemu baba yangu alizaliwa na Mzungu. Muheza nzima ilijua, maana haikuwa siri ya kufichika. Alikuwa na macho ya kijivu, na utotoni aliitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Mama yake, bibi yangu mzaa baba, alikuwa Mbondei wa vijiji vya nje ya Muheza, akiuza ndizi na mihogo kwenye kambi ya shamba la mkonge. Huyo Mzungu alikuwa fundi wa mitambo, na wafanyakazi walimwita Bwana Korona kwa sababu alilala na kuamka pale korona, kwenye mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Bei ya mkonge ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaondoka. Baba alikuwa hajaanza hata shule.

Bibi hakuwahi kumsema vibaya, wala kumsema sana. Tukimbana alituambia kwamba yule hakuwa Mwingereza, alikuwa mtu wa Ayalandi; ila huko Ayalandi nako ukoo wao si wenyeji, walivuka bahari kutoka kwingine zamani sana. Na jina la baba, alisema, ni la babu yake wa huko. Mimi nikiwa mtoto niliona maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Mtu awe wa Ayalandi, halafu asiwe wa Ayalandi?

Miaka mitatu iliyopita mwanangu mmoja, mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alinunua kile kipimo cha vinasaba cha kutema mate kwenye kichupa na kukituma kwa posta. Hakuniambia. Alinipigia simu usiku majibu yalipofika: “Mama mkubwa, wameandika asilimia 12 Uskoti na Ireland Kaskazini.” Nikamwambia hapana, bibi alisema Ayalandi, Uskoti umetoka wapi? Tukabishana mpaka salio likaisha. Kumbe bibi alikuwa sahihi na kipimo kilikuwa sahihi.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipofunguka macho. Kaskazini mwa Ireland kuna jimbo linaloitwa Ulster. Ncha ya pwani yake ya Antrim na ncha ya Uskoti zinatenganishwa na bahari ya kilometa 20 hivi, na anga likiwa safi ng'ambo inaonekana. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji ramani kuelewa hilo. Tuna mashangazi Pemba, na Pemba wana wajomba hapa, na Pemba iko mbali zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, Mfalme James, aliyekuwa mfalme wa Uskoti kabla hajarithi na kiti cha Uingereza, aliruhusu ardhi ya Ulster igawiwe walowezi. Antrim na Down walianza kuingia kwa wingi 1606, na ule mpango mkubwa wa serikali ukafuata 1609. Waairishi wenyeji walipoteza ardhi. Sifurahii kila nilichokikuta katika ukoo wangu, na hili ni mojawapo.

Walowezi wale wengi walikuwa wakulima Waskoti, Waprotestanti wa Kipresbiteri. Wenyeji walikuwa Wakatoliki, watawala walikuwa Waanglikana, na wao wakawa katikati. Sheria ya 1704 iliwafungia vyeo vya serikali mpaka wakubali kushiriki Meza ya Bwana katika kanisa la watawala, na ndoa zilizofungwa na wachungaji wao zilitiliwa shaka mbele ya sheria kwa miaka mingi. Kodi za mashamba zilipopandishwa, wengi wakapanda meli kwenda Marekani. Makundi makubwa yalianza 1718, na inakadiriwa walifika laki mbili kabla Marekani haijajitawala. Huko ndiko walikoitwa Waskoti-Waairishi. Wazazi wa Andrew Jackson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, walitoka Carrickfergus, kwenye pwani hiyo hiyo ya Antrim. Waliobaki Ulster waliendelea kulima na kuzaana, na miaka 300 baadaye bado walijijua kuwa ni watu waliovuka bahari.

Bibi yangu hakuwahi kufika mbali kuliko Korogwe. Lakini alibeba kichwani historia ya miaka 300 ya watu wengine, bila kukosea, kwa sababu usiku mmoja mtu alimsimulia na yeye akasikiliza. Kila nikilifikiria hilo huwa nasimama kidogo.

Sasa habari ya kumtafuta. Kipimo kile kinakupa pia orodha ya watu mnaochangia damu. Katika orodha ya mwanangu alitokea mama mmoja mzee wa Pennsylvania, Marekani. Tulimwandikia, naye akajibu siku ile ile. Nyanya yake alihama Ireland akiwa msichana, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akapokelewa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York. Fomu za meli za wakati ule, kuanzia 1907, zilimtaka kila mhamiaji amtaje ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, na mahali anapoishi. Karani wa meli aliandika jina la baba yake na jina la kitongoji. Angeweza kuandika “Ireland” tu akaenda kula chakula chake. Hakufanya hivyo. Namwombea karani yule, maana bila yeye tungekwama hapo hapo.

Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila kujua kitongoji humpati mtu, kwa kuwa majina ya koo yanajirudia mno. Kitongoji chetu jina lake linaanza na Bally, neno la Kiairishi lenye maana ya makazi ya watu, kama sisi tunavyosema Kwamsisi au Kwediboma. Yaani Waskoti wale waliishi vizazi vyote hivyo ndani ya majina ya watu waliowakuta. Jina kamili la kitongoji silitaji, wala la ukoo, kwa kuwa jamaa wako hai na sijawaomba ruhusa. Niseme tu kwamba la ukoo linaanza na Mc, na nimeliona limeandikwa kwa namna nne katika karatasi nne. Kwa anayetaka kuanza kutafuta wa kwake: usishikilie herufi, mshikilie mtu, umri wake na mahali pake.

Sensa za Ireland za 1901 na 1911 zimewekwa kwenye intaneti bure. Na unaona fomu zenyewe, zenye saini ya mwenye nyumba. Nilikaa na simu ya mjukuu wangu jioni nzima barazani, nikizikuza kwa vidole viwili, safu moja moja, kama nilivyokuwa nikikagua daftari la barua zinazoingia.

Mwenye nyumba jina lake la kwanza ni jina la baba yangu. Herufi kwa herufi. Nilimwita mjukuu asome yeye, nikidhani macho yananidanganya. Baadaye nilijua kwamba Waskoti wa Ulster walikuwa na utaratibu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza la bibi mzaa mama. Kwetu nako ni karibu hivyo hivyo, ndiyo maana bibi hakuona ajabu kulikubali jina hilo.

Mke wa mwenye nyumba, katika safu ya elimu ya 1901, ameandikiwa “anasoma tu”. Alifundishwa kusoma, bila shaka asome Biblia, ila kalamu hakupewa. Mwaka 1911 wanawake wenye waume waliulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi wanaishi bado. Yeye: miaka 22, watoto tisa, wanaoishi sita. Wale watatu hawana majina pale, ni tofauti ya hesabu tu kati ya visanduku viwili. Mama yangu mzazi naye alizika watatu, na hakuna fomu yoyote iliyomuuliza.

Kuna fomu ya pili inayoeleza nyumba: kuta, paa, vyumba, madirisha ya mbele. Paa lao limehesabiwa katika kundi la nyasi, mbao au kitu kingine kinachooza. Madirisha ya mbele mawili.

Na Bwana Korona yumo. Ana miaka 14. Kazi: mfanyakazi wa kinu cha kitani, ule mmea wa nyuzi za nguo.

Hapo nililia, Mhariri, na nitakueleza kwa nini. Mimi nimekulia kwenye katani. Baba alifanya kazi karakana ya shamba lile lile aliloliacha baba yake, na mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana. Mpaka leo nikifumba macho naisikia harufu ya korona: maji yale ya kijani yenye uchachu yanayotiririka mferejini baada ya majani kukwanguliwa, mashine inavyounguruma hadi kifua kinatikisika, na singa nyeupe zilizoanikwa kwenye waya, mistari na mistari, ukipita katikati yake unadhani umeingia nyumba ya mapazia. Maji yale yakikugusa mkono unajikuna mpaka usiku. Kisha brashi, vumbi lake kama ukungu, na mwisho marobota yanafungwa na kupakiwa.

Kitani nacho ndivyo kinavyotengenezwa. Hakikatwi, hung'olewa kwa mkono. Kinaloweshwa kwenye madimbwi kwa wiki moja au mbili mpaka mabua yaoze, na inasemekana harufu yake ilijaa mtaa mzima. Kinaanikwa majanini, kisha kinapelekwa kwenye kinu kupigwa na mapanga ya mbao yanayozunguka, makapi yaanguke na nyuzi zibaki. Na vumbi lake liliua wengi kwa kifua. Belfast, mji mkubwa wa huko, ulikuwa na kiwanda cha kamba kilichosifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na karakana zake zilitengeneza mitambo ya kusokota kitani, juti na hata mkonge. Vita ya Kwanza ilipokwisha, mashamba ya Wajerumani hapa Tanga yaliuzwa kama mali ya adui, na wanunuzi walihitaji watu wanaojua mitambo. Kijana aliyekulia kwenye kinu cha kitani akaletwa kwenye mtambo wa katani. Nilikuwa najiuliza tangu utoto Mzungu yule alifuata nini Muheza. Jibu lilikuwa katika safu ya kazi.

Nyuma ya 1901 njia ni nyembamba. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Dublin liliungua, na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikateketea. Nyingine za karne ile serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu. Watu wa Dublin waliona vipande vya karatasi vikianguka kutoka angani. Lakini wenzetu hawakukaa kulia tu. Waliziba pengo kwa karatasi ambazo hakuna aliyedhani zina thamani. Kuna orodha ya makadirio ya kodi ya ardhi iliyosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864, shamba kwa shamba. Kuna madaftari ya marekebisho yaliyofuata: mpangaji akifa au akihama, karani alikata jina lake kwa wino wa rangi nyingine na kuandika jipya juu yake na mwaka pembeni. Ofisi ya nyaraka ya Belfast imeyaweka wazi. Nimeona wino mwekundu ukimkata babu wa babu yangu na kumweka mwanawe. Mimi karani nasema, hiyo ni kazi safi.

Na mwisho kabisa kuna orodha ya 1796. Serikali ilitaka watu walime kitani, ikaahidi kuwa atakayepanda ekari moja atapewa magurudumu manne ya kusokotea uzi, na wa ekari tano kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo. Yupo mtu wa jina letu, katika parokia yetu, aliyepata gurudumu moja. Robo ekari basi. Siwezi kuapa kuwa ni wetu, ila mahali ni pale pale na jina la kwanza ni lile la baba.

Tumemfuatilia na Bwana Korona mwenyewe. Yule mama wa Pennsylvania alitutumia picha ya bahasha. Barua haimo, ilishapotea, ila bahasha nyanya yake aliitunza kwa ajili ya stempu, maana ina kichwa cha twiga, zile stempu za Tanganyika zilizotoka 1922, na watoto wake waliipenda. Mhuri wa posta unasomeka vizuri: Muheza. Halafu orodha ya abiria inamwonyesha akishuka Uingereza 1931, fundi mitambo, nchi aliyokuwa akiishi Tanganyika. Huko Ireland Kaskazini kumbukumbu za vifo hufunguliwa baada ya miaka 50, na yake ipo: Belfast, 1958. Safu ya hali ya ndoa imeandikwa kwamba hakuwahi kuoa.

Nililinganisha na kitabu cha ubatizo cha baba yangu, nilichoruhusiwa kukitazama katika parokia moja ambayo sitaitaja. Kwenye safu ya “Baba” karani amepiga mstari. Pembeni, kwa penseli, kwa mkono mwingine kabisa, mtu ameandika “Mzungu wa mashine”. Mstari huku, “hakuoa” kule. Katikati ya karani wawili wale alikuwapo mwanamke aliyemzalia mtoto, akampikia, akazisikiliza hadithi zake.

Na huyu mwanamke, Mhariri, ndiye sababu ya barua hii.

Upande wa babu nimefika 1796 kwa miezi michache, kwa simu, nikiwa barazani Ngamiani, katika nchi ambayo sitaikanyaga. Upande wa bibi, aliyezaliwa mwendo wa dakika arobaini kwa basi kutoka hapa nilipokaa, nimefika kwa bibi nikaishia hapo. Jina la baba yake nalijua moja tu. Mama yake simjui. Nilirudi parokia ile kuuliza kitabu cha nyuma, alikobatizwa yeye ukubwani. Nikaambiwa kwa upole kwamba vitabu vya zamani vililiwa na mchwa, na mabaki yalichomwa stoo iliposafishwa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Wakati wa ukoloni kumwandikisha mtoto wa Kiafrika hakukuwa lazima. Wazee wa kijijini niliowahi kuwakuta wakiwa hai nilikuwa sijapata akili ya kuwauliza, nao wamekwenda.

Na si bibi peke yake. Mwaka 1994 nilikuwa stendi ya Muheza nikisubiri basi la Tanga, nikanunua karanga. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi nzito, ya mistari ya bluu na nyekundu. Nilipozimaliza nikaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa daftari la mishahara la shamba la mkonge, mwaka 1948: namba ya mtu, jina, wilaya aliyotoka, siku thelathini za kipande zikiwa zimewekwa vijistari kimoja kimoja, na mwisho shilingi na senti. Songea. Kasulu. Rungwe. Njombe. Lindi. Manamba hao, Mhariri, watu waliochukuliwa makwao kwa mkataba na kupewa namba. Nikamrudia muuza karanga. Akaniambia alinunua kwa kilo kutoka kwa mtu aliyekuwa akisafisha stoo ya shamba, magunia mawili, na yamekwisha tangu Jumatano. Nilizunguka stendi yote nikinunua karanga za kila kikapu. Nilipata kurasa tatu nyingine. Moja ina mafuta, haisomeki tena.

Katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki moja, na sehemu kubwa walikuwa huku Tanga. Wajukuu wao wamejaa Muheza, Pongwe, Korogwe, Mnyuzi. Nimefanya kazi nao, nimesali nao, watoto wangu wameoana nao. Ukimuuliza mmoja atakuambia “sisi ni Waha” au “babu alikuwa Mngoni”. Kijiji gani? Hajui. Aliacha nani? Hajui. Wao ni familia za wahamiaji kama ile ya Ulster iliyokwenda Pennsylvania, ila hawana Ellis Island. Walikuwa nayo. Ilikuwa kwenye magunia mawili.

Mkonge wenyewe nasaba yake tunaijua. Kila mtoto wa shule Tanga anaweza kukusimulia kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hapa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili, imehesabiwa. Waliokata majani yake je?

Najua watakaosema natafuta Uzungu uzeeni. Nimeambiwa usoni, na ndugu zangu. Sitafuti pasi wala shamba. Hakuna wa kunipa na sina wa kumdai. Ningempata baba wa bibi yangu katika kitabu kimoja tu, ningeyarudisha magurudumu yote ya 1796.

Ninaloomba ni hili. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967, kwa hiyo kwa miaka mingi madaftari yake yalikuwa mali ya umma, na hata baada ya kuuzwa tena bado yapo yaliyobaki kwenye stoo zenye makufuli ya kutu. Wenye mashamba, kabla hamjasafisha stoo, waiteni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tuna sheria ya nyaraka ya 2002, tuna watu waliosomea kazi hiyo. Maparoko na makadhi, vitabu vyenu vya ubatizo na vya ndoa vipigwe picha hata kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, nakala ziwekwe sehemu mbili. Pale Boma la zamani hapa Tanga kuna makumbusho ya Urithi. Nina imani hayatakosa kabati moja la madaftari ya mkonge. Niko tayari kuja kuyapanga bila malipo, asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Mikono bado inafanya kazi.

Zile kurasa tatu zinazosomeka ninazo. Zimo ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati, mbali na mchwa. Nimezinakili kwenye daftari kwa herufi kubwa: jumla ni watu 61, wengi kutoka Songea na Kasulu, na wawili wameandikiwa “Urundi”. Namba 2217, wa Njombe, alifanya kazi siku 30 bila kukosa hata moja. Kama kuna msomaji ambaye babu yake alikuwa kwenye mashamba ya Muheza mwaka 1948, Mhariri anayo anuani yangu. Aje na jina la babu yake, hata kama ni moja tu. Nitamsomea orodha yote.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga